Tupeane uzoefu: Wazee wakija kututembelea msimu wa baridi, tunawapeleka wapi?

Kiota
Wadau, salaam. Mama mkwe anakuja na dada yake kukaa nasi baridi yote. Wote wamevuka miaka 70, na mama mdogo goti linamsumbua. Ndani watachoka na televisheni, nje ni theluji. Sitafuti safari ndefu, nataka sehemu za karibu, tutoke na kurudi kabla giza halijaingia. Mliowahi kupokea wazee, tusaidiane.

Chausiku
Umenikumbusha baba, Mungu amrehemu. Siku aliyoifurahia kuliko zote ni ile tuliyompeleka kwenye bustani ya mimea iliyojengwa kwa vioo. Mle ndani wanapasha joto ili mimea ya nchi za joto isife, kwa hiyo mzee alivua koti, akavua kofia, uso ukachangamka. Akafika penye mgomba, akashika jani, akamwambia kijana wa bustani kwa lugha yetu kwamba yale makavu yanaulemea, yakatwe. Nikatafsiri. Kijana akafuata kisu, akakata palepale huku baba akimwonyesha wapi pa kukata. Baba aliisimulia habari hiyo kwa kila aliyempigia simu.

Ila miwani hujaa mvuke mlangoni, msubiri aifute kwanza ndipo apige hatua. Na wakati wa kutoka avae kila kitu mkiwa bado ndani.

Msafiri Mbali
Nakazia bustani ya vioo.

Ngazi Tatu
Mahali popote, uliza kwanza choo kiko wapi na pa kukaa ni wapi. Baridi inamfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara: mishipa ya ngozi inajibana, damu inarudi katikati ya mwili, figo zinatoa maji zaidi. Kama mzee anatumia vidonge vya presha vya kupunguza maji, ndiyo kabisa. Shangazi yangu alikuwa akisikia kuna kutoka, anaacha kunywa maji tangu jana yake. Hamwambii mtu, anaona aibu. Sasa namwambia kabla hatujavaa viatu: shangazi, choo kipo hapa na hapa. Anatoka kwa raha.

Ndiyo maana napenda makumbusho. Kuna joto, vyoo, lifti, mabenchi. Mengi yale makubwa yana viti vya magurudumu vya kuazima, piga simu kabla.

Jongoo
Makumbusho yanawachosha bure. Wazee wamekuja kuona wajukuu, hawakufuata masanamu. Waacheni wapumzike.

Ngazi Tatu
Jongoo, mzee akikaa kitako wiki nzima viungo vinakakamaa. Kumsimamisha tu inakuwa kazi.

Jongoo
Nani kasema wiki nzima? Soma nilichoandika.

Chausiku
Mnagombana nini? Mwulizeni mzee mwenyewe anataka nini.

Dereva wa Usiku
Mada hii imenigusa pabaya. Mjomba wangu tulimpeleka ziwani kutazama bata. Jua linawaka, watu wamejaa, mzee amefurahi. Tukaenda kituoni kusubiri basi, hakuna hata kibanda. Basi halikuja, na lililofuata nalo halikuja. Theluji ya majimaji ikaanza, koti likalowa mabegani. Mjomba alikuwa anatetemeka na kulalamika, baadaye akanyamaza. Kutetemeka kukaisha. Mke wangu akasema afadhali, ameanza kuzoea.

Mimi moyo ukakataa. Nikamwuliza, mjomba, mwanao wa kwanza anaitwa nani? Ulimi mzito, maneno yanaburutika, na jina alilotaja ni la marehemu kaka yake. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kuonja pombe. Vidole vinahangaika na kifungo cha koti, havikipati.

Nikapiga simu ya dharura huku tunambeba kuvuka barabara, kulikuwa na maktaba. Mama wa kwenye simu akatuelekeza: mvueni vilivyolowa, mfunikeni kifua, shingo na kichwa kwanza, msimsugue mikono wala miguu. Wahudumu wa gari walipompima, joto la mwili lilikuwa chini ya nyuzi 35. Hapo ndipo madaktari wanapoanza kuhesabu hatari. Alilazwa, akapona, alhamdulillahi.

Mzee akiacha kutetemeka na bado yuko kwenye baridi, usishukuru. Hali imezidi. Na wengine kwa uzee mwili hautetemeki vizuri tangu mwanzo, kwa hiyo msikilize anavyoongea.

Kiota
Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili, mikono imekufa ganzi.

Msafiri Mbali
Pole mkuu. Hilo la jina la mtoto nimelishika.

Simba Mzee
Sisi babu tunampa kidogo cha kuchangamsha damu kabla ya kutoka. Anapata joto safi.

Ngazi Tatu
Simba Mzee, acha kupotosha! Pombe inatanua mishipa ya ngozi. Anahisi joto, kumbe joto la ndani ndilo linatoka.

Simba Mzee
Babu ana miaka 88 na anadunda.

Dereva wa Usiku
Mwongezee sweta, mkuu. Nakuomba.

Fundi Viatu
Kwa mwenye goti: barafu ikiwepo, hatua fupi, unyayo wote ukanyage kwa pamoja, mikono isiwe mfukoni. Ncha ya mpira ya mkongojo inateleza, kuna ncha za chuma za kuchomeka. Akiingia ndani iondolewe, kwenye sakafu laini nayo inateleza.

Jongoo
Basi niseme kinachotufaa sisi: tunapanda basi la jijini saa nne asubuhi, watu wameshafika kazini, tunakaa dirishani mpaka mwisho wa njia na kurudi nalo. Naonyesha: hapa nafanya kazi, hapa mtoto anasoma. Mama anauliza maswali njia nzima. Saa nane tuko nyumbani. Kaskazini huku, tarehe 21 au 22 Desemba ndiyo siku fupi kuliko zote, msijidanganye na jioni.

Ngazi Tatu
Hapo Jongoo tuko pamoja.

Chausiku
Na kiti cha magurudumu wakikikataa?

Msafiri Mbali
Mama yangu alikataa katakata. Nikakiazima, nikamwambia ni cha kubebea makoti. Alipochoka akakaa juu ya makoti.