Kikohozi cha mafua kwa mtoto: asali, kujifukiza, dawa ya maji au amoksilini?

MamaWawili_Nkuhungu
Wakuu, habari za jioni. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba mnaujua, vumbi na baridi kwa pamoja. Mwanangu wa miaka mitatu alianza mafua Jumamosi, leo siku ya sita anakohoa kikavu, usiku halali. Kituo cha afya wamempima, wakasema ni virusi, kifua kiko safi, nimpe vinywaji tu. Bibi yake anataka tumfukize majani ya mkaratusi. Jirani kaleta dawa ya maji. Muuza duka la dawa naye anasisitiza amoksilini "kabla haijashuka kifuani". Nifuate lipi?

Nyuki_Manyoni
Pole dada. Asali. Kijiko kimoja cha chai nusu saa kabla ya kulala, alambe taratibu ipite kooni. Wangu wanne nimewalea hivyo. Nunua kwa mtu unayemfahamu, maana ile ya kwenye chupa za maji kando ya barabara nyingine ni sukari iliyochemshwa. Na ikiganda kwa baridi hii usiitupe wala usidhani ni feki, asali halisi huganda.

BabaK_Ipagala
Mimi nilimpa wangu amoksilini mwezi uliopita, siku ya tano akapona. Tusizidharau dawa.

Nesi_Mstaafu_Kongwa
BabaK mwanangu, alianza kuipata akiwa ameshaumwa siku ngapi?

BabaK_Ipagala
Shikamoo mama. Kama wiki hivi.

Nesi_Mstaafu_Kongwa
Marahaba. Basi alipona siku ya kumi na mbili, na kikohozi cha virusi hupona chenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Amoksilini inaua bakteria, virusi haivigusi. Ukiitoa bure unaweza kumharisha mtoto, na bakteria wanazidi kuizoea, siku akipata nimonia ya kweli dawa ikashindwa. Makamasi kuwa ya kijani nayo si sababu ya kumpa.

Asali naiunga mkono kwa huyu wa miaka mitatu. Aliye chini ya mwaka mmoja asionjeshwe hata tone, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wake bado hauwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumua.

Kufukiza naomba bibi anisamehe. Mtoto hatulii chini ya blanketi, sufuria inapinduka. Nimeshafunga bandeji mapaja ya watoto waliomwagikiwa maji hayo, ngozi imetoka pamoja na suruali. Kwa faida ndogo kiasi kile, hapana.

Bajaji_Majengo
Dawa ya maji mimi ilinisinzisha nikiwa barabarani, nikaiacha. Natumia tangawizi na limao. Koo linalainika ila kikohozi kipo, wiki ya nne sasa.

Nesi_Mstaafu_Kongwa
Wiki ya nne? Mwanangu, kesho asubuhi nenda ukapimwe makohozi. Kikohozi kikifika wiki mbili tunapima kifua kikuu, na katika vituo vya serikali kipimo na dawa zake ni bure. Unabeba abiria siku nzima, usingoje.

Mama Wawili, dawa za maji za kikohozi kwa watoto wadogo hazijaonyesha faida ya maana, na nyingine zina vitu vya kusinzisha. Mrudishie jirani kwa heshima. Wewe hesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, funua nguo, tazama tumbo likipanda na kushuka dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa umri wake zikifika 40, au nyama ya chini ya mbavu ikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali usiku huohuo.

MamaWawili_Nkuhungu
Asante sana mama. Asali nimempa saa mbili na nusu. Sasa saa nne amelala, nimehesabu mara mbili kwa tochi: 27, halafu 26. Mbavu hazibonyei. Amekohoa mara moja tu, akageukia ukutani.

Bajaji_Majengo
Nimesikia mama. Kesho naanzia kituoni kabla ya kijiwe.