Kabla ya kutoa arabuni: gumzo la ukoo wetu

*Kikundi: UKOO BOMBO NA NDUGU*
*Jumamosi*

Zaituni: Asalaam aleikum jamani. Niko Ntinda hapa Kampala naangalia gari la kununua. Toyota Premio ya 2005, rangi ya fedha, mwenyewe anataka shilingi milioni 24. Injini imetulia, ndani safi. Ila kuna mtu mwingine anakuja saa nane, kwa hiyo anaomba nitoe arabuni ya milioni 2 sasa hivi.

Mama: Waaleikum salaam mwanangu. Usitoe kitu kwanza. Mngoje mjomba wako.

Mjomba Swaleh: Nipo dada, niko gereji. Zai, umeinama ukatazama chini?

Zaituni: Bado mjomba. Juu linang'aa tu.

Mjomba Swaleh: Mng'ao wa juu ni kazi ya siku mbili hapa Ndeeba, rangi na polishi. Injini ikifa utapata nyingine Kisekka, soko la vipuri. Bodi ikioza hakuna duka linalokuuzia bodi nzima. Anza chini. Nipigie picha ule ukingo wa chuma chini ya milango, pale unapopita mguu ukiingia.

Zaituni: 📷 Mjomba kote kwekundu! Hii yote ni kutu?

Mjomba Swaleh: Tulia. Hilo ni vumbi la marram, udongo wa barabara zisizo na lami. Udongo wetu mwekundu una chuma ndani yake, ndiyo maana rangi yake na ya kutu ni ile ile. Wanunuzi wengi wanapotezwa hapo: mwingine anakimbia gari zima kwa sababu ya vumbi, mwingine anaona kutu halisi anasema "ni vumbi tu". Omba kitambaa na maji, pangusa. Vumbi litatoka lote. Kutu itabaki, na ukiikwangua kwa ukucha inatoka magamba.

Hamza: Samahani mjomba, huku kwetu hakuna bahari wala theluji. Kutu kali inatoka wapi?

Mjomba Swaleh: Inakuja nayo kutoka Japani. Hokkaido na kaskazini ya Japani theluji ni nyingi, barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Ile chumvi inarukia chini ya gari na kujificha kwenye mikunjo ya mabati. Chumvi peke yake haili chuma, ila ikichanganyika na maji inaharakisha kutu sana. Gari likifika hapa limeoshwa juu, lakini ugonjwa umeshaanza. Mvua zetu zinaendeleza, na matope yakigandamana ndani ya madigadi bati halikauki.

Shangazi Rukia: Na si Japani peke yake. Sisi huku Kasese tunaziona pikapu zinazobeba chumvi ya Ziwa Katwe. Miaka michache tu sakafu ya nyuma imetoboka. Halafu zinapakwa rangi zinapelekwa kuuzwa Kampala, na mnunuzi hajui zilibeba nini.

Mjomba Swaleh: Kweli kabisa shemeji. Hata zile zinazobeba samaki wa chumvi kutoka Ziwa Albert kwenda Congo. Mtu akinunua pikapu aulize ilifanya kazi gani, halafu ainue lile zulia la plastiki la nyuma aone mwenyewe.

Zaituni: Nimepangusa. Ukingo wa kulia uko sawa. Wa kushoto, karibu na gurudumu la nyuma, rangi imevimba kama vipele. 📷

Mjomba Swaleh: Usivibonyeze, gari bado si lako. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndiyo maana inainua rangi. Ukiona kipele juu, jua bati limeanza kuliwa kutoka ndani. Una sumaku?

Zaituni: Sina.

Mama: Ile ya spika ya redio mbovu nilikupa ya nini?

Zaituni: Iko kwenye mkoba! Kweli mama, ninayo.

Mjomba Swaleh: Vizuri. Ifunge kwa kitambaa isikwaruze. Iweke kwenye bati zima la mlango kwanza usikie inavyoshika. Kisha ipitishe taratibu juu ya gurudumu la nyuma, kushoto na kulia. Bampa ni plastiki, usilihesabu.

Zaituni: Kulia inashika vizuri. Kushoto inateleza, haishiki kabisa, kama upana wa kiganja.

Mjomba Swaleh: Hapo pana puti, ule mchanganyiko wa kujazia bati lililobonyea au kutoboka, na sumaku haiushiki. Gonga kwa kifundo cha kidole pande zote mbili. Bati linalia, puti ina sauti nzito iliyokufa.

Zaituni: Nzito. Mwenyewe anasema boda ilimkwaruza.

Mjomba Swaleh: Inawezekana, simwiti mwongo. Lakini boda haitoi vipele kwenye ukingo wa chini. Sasa fungua buti, toa zulia, toa taili la akiba. Lile shimo lake lina nini?

Zaituni: Kuna unyevu. Na kutu ya kahawia pembeni. 📷

Mjomba Swaleh: Maji yanaingia, pengine kwenye mpira wa buti au wa taa. Tazama pia chini ya kapeti ya miguu ya dereva na abiria, gusa kwa mkono. Milango, pitisha kidole ukingo wa chini kabisa, kuna vitundu vya kutolea maji. Vikiziba mlango unaoza kutoka ndani. Fungua boneti, angalia pale betri inapokaa, asidi ikimwagika inakula bati.

Zaituni: Kapeti kavu. Milango mizuri. Betri sawa. Egzosi ina kutu nyingi, na zile sahani za breki pia.

Mjomba Swaleh: Hizo zisikutishe. Sahani za breki zikilala usiku wa mvua zinapata kutu, ukiendesha kidogo inafutika. Egzosi ni kawaida, ilimradi haijatoboka. Ninachotaka sasa ni pale shokabu za nyuma zinapofungwa kwenye bodi, na paipu za breki zinazopita chini. Huko huwezi kuona ukiwa umechuchumaa. Mwombe mwenyewe mwende gereji yoyote yenye shimo la kukagulia gari kwa chini, utalipa wewe. Na usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, hata dakika moja. Nakusihi.

Mama: Sikia hilo Zaituni!!

Zaituni: Nimesikia mama. Amekubali. Kuna gereji karibu.

*saa 6:40*

Zaituni: Tuko shimoni. Chini kote kumepakwa rangi nyeusi nzito, mpya, inanata bado. Fundi anasema ni kinga nzuri.

Mjomba Swaleh: Ni kinga ikipakwa juu ya chuma safi. Ikipakwa juu ya kutu inafungia unyevu ndani na kumficha mgonjwa. Kwa nini ipakwe wiki ya kuuza? Mwombe mwenyewe ruhusa, fundi agonge polepole kwa mpini wa bisibisi karibu na shokabu ya kushoto.

Zaituni: 📷📷 Mjomba. Rangi imepasuka, imeanguka na vipande vya bati. Kuna tundu, kidole kinaingia. Mwenyewe naye ameshtuka, anasema aliinunua hivyo hivyo.

Hamza: Lakini si wanachomelea kiraka tu? Unapunguza milioni 3 kwenye bei, maisha yanaendelea.

Mjomba Swaleh: Hapana Hamza, na hili nalisema kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kutu ya mlango au madigadi ni ya sura, tunakata, tunachomelea, bei inapungua, mtu anaendesha. Ila Premio haina chesisi iliyojitenga na bodi kama Hilux au Prado. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Pale shokabu inaposhikilia panabeba uzito wa nyuma wote, kila shimo la barabara linapiga hapo. Ukichomelea bati jipya kwenye bati lililooza, moto unakula pembeni na kiraka kinang'oka na sehemu yake. Kufanya sawasawa ni kukata mpaka ufikie chuma kizima, na huko ndani hatujui kutu imefika wapi. Gari hili ndilo litakalompeleka dada yangu, mama yako, hospitali ya Mulago kila mwezi. Sitalikubali hata kwa milioni 15.

Zaituni: Basi naliacha. Limeniuma, nilishalipenda.

Shangazi Rukia: Pole binti yangu. Milioni zako mbili ziko mfukoni, hilo ndilo muhimu. Na mwenye gari ashukuriwe, wengine wangekataa kwenda shimoni.

Zaituni: Nimemshukuru, na nimemwomba asimpe mtu mwingine bila kumwonyesha lile tundu. Amesema atamwonyesha yule wa saa nane.

Hamza: Dada Zai, kuna Toyota Wish ya 2013 kwenye bondi Nakawa, yadi ya magari yaliyoagizwa nje, imeingia juzi. Nimepata karatasi yake ya mnada wa Japani, ile ya ukaguzi. 📷 Mjomba isome.

Mjomba Swaleh: Daraja 4. Ule mchoro wa gari, herufi A ni mikwaruzo, U ni mibonyeo. S ni kutu, C ni kuoza. Naona S1 moja tu mlango wa nyuma, ndogo. C sioni. Wala haijaandikwa R, yaani si gari lililogongwa likatengenezwa. Ila karatasi ni ya siku ile ya mnada. Namba ya chesisi iliyo hapo ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, halafu tunaingia chini vile vile.

Zaituni: Utakuja mjomba?

Mjomba Swaleh: Jumatatu saa tatu, kabla gereji haijajaa. Hamza waambie wa bondi waioshe chini leo ili ikauke. Nitakuja na tochi.

Mama: Na sumaku anayo. Zai, pita Bombo kesho ule.