Ushauri: Katuni za njozi za kutisha, mtoto wa miaka 7 aanzie wapi?

MzaziMwenza
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaozijua vizuri katuni za njozi zile za giza: wachawi, mizimu, ulimwengu wa pili nyuma ya mlango. Watazamaji ni mtoto wa miaka 7, mwingine wa 11, na watu wazima wawili. Alama ya PG (watoto watazame kwa mwongozo wa mzazi) inatosha kwa huyo mdogo? Waanze na ipi? Na kuna nini humo hata mtu mzima asibanduke kwenye kiti?

Kivuli24
Haitoshi, mkuu. PG inakuambia tu uwe macho. Haikuambii kinachotisha ni nini. Watership Down ilipotoka 1978, Uingereza waliipa U, yaani inafaa kwa wote, na humo sungura wanararuana hadi damu. Ilikaa na alama hiyo mpaka 2022 ndipo ikapandishwa kuwa PG. Kwa hiyo itazame kwanza mwenyewe, yote, sauti ikiwa juu. Trela hukuficha mambo.

Ukiwa unatazama, angalia mambo matatu. Kuna mtu wa karibu na mtoto anayegeuka kiumbe kingine? Hatari ina kanuni inayoeleweka, kwamba ukifanya hili utapatwa na lile? Na kilichoharibika kinarudishwa kabla filamu haijaisha?

La kwanza huwapata zaidi wadogo. Joanne Cantor, mtafiti wa Marekani aliyechunguza kwa miaka mingi hofu za watoto mbele ya televisheni, alionyesha kwamba mdogo hutishwa na sura na mageuzi, na mkubwa hutishwa na jambo linaloweza kumtokea kweli. Ndiyo maana katika Spirited Away (2001) pagumu kwa mdogo ni mapema kabisa, wazazi wa msichana mhusika mkuu wanapogeuka nguruwe wakiwa wanakula. Akivuka pale atatulia, kwa sababu kila hatari inayofuata ina kanuni yake na yule msichana anajifunza moja baada ya nyingine.

La tatu ndilo wengi hulisahau. Tazama Pinocchio ya 1940. Wavulana wanapelekwa kisiwa cha starehe, na huko wanageuka punda. Lampwick, rafiki wa Pinocchio, anaota masikio ya punda, kisha mkia. Mikono aliyomshikia mwenzake koti inakuwa kwato. Halafu tunaonyeshwa kivuli chake ukutani kikiinama kwa miguu minne, akiita mama, na wito wenyewe unaishia kuwa mlio wa punda. Wale watoto hawaokolewi, na aliyewapeleka kule haadhibiwi. Uchoraji wa eneo lile ni wa hali ya juu sana, lakini mtoto anaondoka na swali lisilojibiwa, na maswali ya namna hiyo ndiyo yanayorudi usiku. Ukimwonyesha, tenga muda wa kuzungumza naye hatima ya wale watoto.

MlangoMdogo
Kwa mpangilio: anza na The Nightmare Before Christmas (1993). Ni dakika 76 tu, viumbe wake wana sura za kutisha lakini wengi hawana nia mbaya, na nyimbo zinapunguza makali. Ya pili Spirited Away. Coraline (2009) iwe ya tatu. Princess Mononoke (1997) msubiri yule wa 11 akue kidogo. Mikono na vichwa vinakatwa waziwazi.

Coraline, ya msichana anayevuka mlango hadi ulimwengu wenye mama wa bandia, ina mtego mmoja. Wazazi wakisharudi nyumbani, inaonekana kama imekwisha, na watu huzima hapo. Haijaisha: ufunguo wa mlango ule bado unatafutwa, na mkono wa sindano wa yule mama wa bandia unakuja. Ukizima pale, mtoto analala na hatari iliyo hai.

Muda mzuri ni mchana, taa iwake nyuma ya watazamaji. Punguza besi kwenye spika kabla ya kugusa kitu kingine, maana ngurumo za chini humtia mtoto hofu hata kabla hajaona kitu. Mkilazimika kusimamisha, msisimamishe katikati ya mbio. Subirini hatari ipite.

Kivuli24
Naafiki mpangilio, ila Coraline kwa miaka 7 ningesubiri. Adui pale amevaa sura ya mama, anapika vizuri kuliko mama, anasikiliza kuliko mama. Miaka 9 mtoto anaielewa hila hiyo. Akiwa na 7 anaweza kuanza kumchunguza mama yake.

MzaziMwenza
Asanteni sana. Akiogopa katikati, nimwambie "hiyo ni katuni tu"?

MlangoMdogo
Kwa mdogo maneno hayafui dafu. Mpakate, mpe maji, mpe mwanasesere wa kushika, msogeze mbali na skrini. Maelezo yanamfaa yule wa 11.

Kesho yake waonyeshe filamu inavyotengenezwa. Coraline ni wanasesere waliosogezwa kidogo kidogo, na nyuso zao zilichapwa vipandevipande: paji na nyusi peke yake, mdomo peke yake, vikibadilishwa picha kwa picha. Wajaribu kwa simu. Picha 12 kwa sekunde zinatosha, hivyo sekunde 5 ni picha 60. Simu ifungwe imara, funga pazia utumie taa moja, na zuia kamera isijirekebishe mwanga na fokasi. Usipofanya hivyo video itametameta. Kosa la kawaida ni kumsogeza mwanasesere sana. Milimita chache zinatosha. Mtoto aliyesogeza zimwi kwa mkono wake hulitazama kwa jicho la fundi.

Msimulizi_Jioni
Niongeze kuhusu watu wazima, maana swali hilo limeachwa. Mtoto anaona zimwi, mzazi anaona kile ambacho zimwi limekibeba. Kwenye Puss in Boots: The Last Wish (2022), mbwamwitu anayepiga mluzi ni Kifo chenyewe. Kuna mahali Puss, yule paka shujaa, anakimbia msituni, pumzi zinamwishia, moyo unadunda, anajibanza kwenye mti. Mbwa mdogo anayesafiri naye hasemi neno. Anamlaza kichwa tumboni mpaka pumzi zinatulia. Mtoto anaona rafiki mwema. Aliyewahi kubanwa kifua kwa hofu anajiona mwenyewe, tena bila mahubiri. Giza likiondolewa, eneo lile halina pa kusimama.

Hiyo iweke kati ya ya kwanza na ya pili kwenye orodha ya MlangoMdogo. Na mluzi ule mwambieni mdogo mapema, ajue ukisikika nani anakuja.