Sauti ya wimbo wa harusi inachoma masikio, nisaidieni kabla ya Ijumaa

MpigaUdi: Asalaam alaykum. Nina wimbo wa harusi niliorekodia chumbani, hapa Mkomani, Lamu. Udi umetoka vizuri, lakini sauti ya mwimbaji inachoma. Nikipunguza ukali, maneno yanazama kana kwamba mama wa watu ameimba ndani ya mtungi. Nataka iwe laini na kila neno lisikike. Bwana harusi anautaka Ijumaa.

FundiSpika: Waalaykum salaam. Usishushe sauti nyembamba za juu zote. Tafuta panapochoma, mara nyingi ni kati ya hezi (kipimo cha wembamba wa sauti) 2,500 na 5,000, upunguze desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 2 au 3 tu. Chini ya hezi 80 kata, sauti ya kike haifiki huko, kuna ngurumo tu. Maiki gani?

MamaTima: Zamani nani alikuwa na maiki? Mtu akiimba huku, kijiji cha pili, Shela, wanaitikia. Siku hizi pumzi hakuna, mwalaumu mashine.

MpigaUdi: Maiki nzuri tu.

FundiSpika: Nzuri ndilo jina lake?

MtotoWaLangoni: Kuta zetu za matumbawe na chokaa zinarudisha sauti kama mpira. Mimi niliegesha godoro nyuma ya mwimbaji, nikatundika mablanketi mpaka yakafunika zidaka za ukutani, mamangu akadhani nahama. Ubeti wa mwisho punda wa jirani akalia. Nikamwacha, na hapo ndipo watu wanapopapenda.

MpigaUdi: Chumba hakina shida. Kelele ni honi moja tu ya lori kwenye kiitikio.

NahodhaMstaafu: Ngojeni. Lori, Mkomani? Vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma? Huyu hajashuka gatini hata siku moja. Hadithi ya kutunga hii.

MtotoWaLangoni: Boda zipo siku hizi.

NahodhaMstaafu: Boda yenye honi ya lori!

MpigaUdi: Situngi. Udi ndio niliorekodi Mkomani. Mwimbaji yuko Malindi, alinitumia kwa WhatsApp. Ile ya kubonyeza ukasema.

FundiSpika: Siku zote hizo unatuzungusha! Ile imeshabanwa ili faili liwe dogo, sauti za juu zilizokatwa hazirudi. Arekodi upya kwa simu hiyohiyo, kwa programu ya kurekodi, shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Kisha atume kama dokumenti.

MpigaUdi: Kurudia haiwezekani, nimeshamwambia ameimba vizuri mno. Tena hezi 4,000 nimeipandisha desibeli 9, naona imesaidia.

FundiSpika: Hiyo ndiyo inayochoma, ndugu yangu.

MamaTima: Ni nani huyo hata umwogope hivyo?

MpigaUdi: Mamangu mkwe.

NahodhaMstaafu: Haya, nimeamini.

MamaTima: Mtume mkeo amwambie.

MpigaUdi: Mke ndiye aliyeshika simu.