Jirani wa Mtaa: soul na hip-hop laivu Jumamosi

Deo Besi, 19:04
Wakuu, bendi imethibitisha. Drams, besi, gitaa, kinanda, waimbaji wawili, wachanaji wawili. Tunapiga uwanja wa nyuma ya ukumbi, kama mita 12 kwa 18. Fundi, mitambo gani inatosha?

Fundi Mitambo, 19:09
Kwa watu 150: spika mbili za juu za inchi 15, sabu (spika za besi ya chini) mbili za inchi 18, monita (spika za wanamuziki kujisikia jukwaani) nne, mikisa (meza ya kuchanganya sauti) ya chaneli 16. Mwenye mitambo akiwaambia sabu hazina haja, tafuteni mwingine. Soul bila besi ya chini ni redio ya mkulima.

Fundi Mitambo, 19:11
Na sabu zikae pamoja, chini, katikati ya jukwaa. Najua wengi wanapenda moja kushoto moja kulia ili ipendeze kwenye picha. Zikitengana, mawimbi yake yanafutana sehemu fulani za uwanja. Wa katikati anatikiswa kifua, aliyesogea hatua tatu pembeni anauliza mpiga besi kaenda wapi.

Mama Neema, 19:15
Habari zenu wanangu. Viti 80 nivipange wapi?

Fundi Mitambo, 19:16
Shikamoo Mama. Acha mita 4 wazi mbele ya jukwaa, hapo ni pa kucheza. Viti vianzie nyuma yake. Watoto wasikae karibu na spika hata kwa dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango mwaka 2022: wastani usizidi desibeli 100 ukipimwa kwa dakika 15. Mimi nitakaa kwenye 95 nikipimia pale kwenye mikisa.

Mama Neema, 19:17
Marahaba. Na friji ya soda nichomeke kwenye jenereta?

Fundi Mitambo, 19:18
Hapana Mama!! Barafu tu.

Fundi Mitambo, 19:22
Naeleza kwa wote. Jenereta iwe ya kVA 6 au zaidi, ingawa mzigo wetu wa kawaida ni kama kilowati 2 hadi 3. Muziki huu haunyonyi umeme sawasawa, unanyonya kwa vishindo: kila teke la drams (ile ngoma kubwa ya mguu) amplifaya inadai mkupuo. Friji ikiwaka nayo inavuta mara kadhaa ya umeme wake wa kawaida. Vikigongana, volti inashuka, mikisa ya dijitali inazima na kuwaka upya, mnakaa kimya zaidi ya dakika nzima katikati ya wimbo. Mikisa nitaipitisha kwenye UPS (betri ya akiba). Taa ziwe na laini yake. Kukisikika mngurumo, asije mtu "kutatua" kwa kukata waya wa ardhi kwenye plagi, anayeshika maiki anaweza kupigwa shoti. Ule mngurumo unakatwa kwenye DI (kisanduku cha kuunganisha ala na mikisa), kuna kiswichi chake.

Mchanaji Kipara, 19:30
Fundi mimi nakuja na biti zangu kwenye laptop, bendi ipige juu yake. Freshi?

Deo Besi, 19:31
Freshi, ila besi ya ndani ya biti iondolewe. Waya mnene wa gitaa langu la besi unalia hertzi 41, na besi ya biti inaishi hukohuko. Mkiacha zote mbili hatusikii noti, tunasikia uji. Kama biti haina besi iliyotengwa, mwombe prodyuza akutolee upya bila besi.

Fundi Mitambo, 19:34
Pia toa sauti yako iliyorekodiwa. Kuchana juu ya sauti yako mwenyewe si laivu, ni karaoke.
Faili liwe hivi: kushoto biti, kulia klik (mlio wa kuhesabu mapigo). Kushoto kunakwenda spika kubwa, kulia kunakwenda kwenye hedifoni za mpiga drams peke yake. Jaribu waya mapema, maana zikigeuzwa uwanja mzima utasikia tik tik tik. Zima intaneti na milio ya simu kwenye laptop.

Mchanaji Kipara, 19:35
Poa. Kuna biti ya mapigo 92 kwa dakika, nyingine 88.

Deo Besi, 19:40
Safi, hapo drams zinapumua. Lakini mwambieni mpiga drams asijaze mbwembwe mwisho wa kila mstari. Hip-hop ilianzia kwenye kipande cha ngoma tupu: DJ Kool Herc, Bronx ya New York, 1973, santuri mbili zilezile, anakirudia kile kipande watu wacheze. Utamu uko kwenye kurudia. Akipiga roli (mapigo ya haraka mfululizo) kila baa nne (mafungu manne ya mapigo), mchanaji anakosa pa kuweka vina. Atulie, mbwembwe azihifadhi kwa kiitikio cha soul. Bendi ya hip-hop ya The Roots wa Philadelphia mnaowapenda, sikilizeni drams zilivyo kavu.

Rehema, 19:43
Na sisi waimbaji? Mara nyingi monita zinapiga mluzi, tunaambiwa tuimbe kwa nguvu.

Fundi Mitambo, 19:48
Dada, kosa huwa ni mahali monita ilipo. Kwa maiki ya SM58, monita ikutazame uso kwa uso, mkia wa maiki uielekee, maana upande huo maiki ni kiziwi. Kwa maiki ya Beta 58 ukiweka hivyo inapiga mluzi, weka monita mbili pembeni kidogo. Nitakata chini ya hertzi 100 kwenye kila maiki ya sauti, na gitaa lipunguze amplifaya yake. Jukwaa likiwa kelele, kila mtu anaomba aongezwe, mwisho mluzi.
Kipara, na wenzako: MSIFUMBATE kichwa cha maiki. Vile vitundu vya nyuma ndivyo vinavyoikinga na monita. Ukiviziba, maiki inasikia pande zote, sauti inakuwa ya puani, halafu mluzi. Shika katikati ya mpini.

Mchanaji Kipara, 19:49
Video zangu zote nimefumbata 😂

Rehema, 19:50
Tunajua 😂

Bi Zuhura, 19:58
Salaam aleikum. Mtamaliza saa ngapi? Na kibali mnacho?

Deo Besi, 20:01
Waaleikum salaam, shikamoo Bi mkubwa. Barua imepelekwa serikali ya mtaa na kituo cha polisi. Mwisho saa 4 na nusu. Spika zitageuzwa ukutani kwa ukumbi, si kuelekea nyumba zenu. Besi ndiyo inayovuka kuta, kwa hiyo saa 4 fundi anashusha sabu.

Bi Zuhura, 20:02
Marahaba. Nitakuwa macho.

Fundi Mitambo, 20:06
Kujaribu sauti saa 10 alasiri, tunaanza na watakaopiga mwisho na kumalizia na wa kwanza, ili wa kwanza wakute vitu vyao vimeshakaa. Teke la drams, besi, kinanda, gitaa, ndipo sauti. Mwimbaji aimbe kwa nguvu ya kweli, siyo "hallo hallo". Leteni betri mpya za AA 8, kebo mbili za maiki za akiba, na tepu ya kubandika nyaya chini.

Mama Neema, 20:09
Tepu ninayo. Barafu nani ana gari?

Mchanaji Kipara, 20:10
Mimi Mama, saa 9 nakupitia.