Tupeane uzoefu: ulifundishwaje kulenga shabaha?

Kamwene wakuu. Jana hapa Mafinga mjukuu wa mzee wangu, katoka depo (kambi ya mafunzo ya askari wapya) juzi, alikuwa akitusimulia mafunzo yao ya silaha. Mzee, askari mstaafu, kacheka mpaka kakohoa: "Siku hizi mnaanza kwa maneno?" Mliopita depo, JKT, mgambo, karibuni.

Mstaafu, Iringa: Sisi tulianza na bunduki ya .303 ya Mwingereza. Magazini ya risasi kumi, kila ukipiga unavuta bolti. Wiki nzima hatukuonja risasi. Afande anakuwekea sarafu juu ya mtutu, unafyatua tupu; ikidondoka, anza upya. Na baridi ya Juni, vidole vimekufa ganzi! Siku ya risasi za kweli tukapiga tano tano, kisha kuokota maganda. Likapungua moja. Kombania nzima tukatambaa majanini mpaka giza linaingia. Kumbe lilimrukia kuruta wa pembeni, likaingia kwenye kola, likamchoma shingo naye kanyamaza kwa woga.

Mdau, Makambako: Maganda, mzee wangu, yana kisa chake Marekani. Aprili 1970, Newhall, California, askari wanne wa barabara kuu waliuawa ndani ya dakika chache. Wakufunzi wakasimulia miaka mingi kwamba mmoja wao alikutwa na maganda mfukoni, kwa mazoea ya renji, uwanja wa shabaha. Waliochunguza baadaye wamelipinga hilo, ila mafunzo yalibadilika kweli. Halafu Miami, 1986: FBI, wapelelezi wa serikali kuu ya Marekani, wakapoteza wawili kwenye mapambano ya risasi, wengi wao siku hiyo wakiwa na rivolva, bastola za silinda inayozunguka. Ndipo bastola za magazini zikashika kasi.

Askari, Mbeya: Shikamooni wazee. Mimi ni wa juzi. Nilitoboa mbao zote za shabaha katikati, nikajiona bingwa. Afande akaniita: "Umefeli. Nyuma ya ubao wa tatu kulikuwa na nini?" Naenda kuangalia, pamechorwa mtoto. Darasani tukasomeshwa kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990: jitambulishe, toa onyo, risasi ni hatua ya mwisho. Hapo ndipo wengi tulianguka, siyo kwenye kulenga.

Mgambo, Tukuyu: Nyie mna bahati. Sisi bunduki ya mti, risasi kwa mdomo. Pa!

Mleta mada: Nimemsomea mzee zote. Anauliza sarafu siku hizi wanaweka ya shilingi ngapi.