Mrejesho: .bashrc moja, Windows na WSL

Niliuliza kwa nini .bashrc (faili ya mipangilio ya bash, programu ya kuandikia amri) iliyoko kwenye folda ya Windows, nikiiunganisha na WSL (Linux ndani ya Windows) kwa symlink (kiungo cha faili), inatoa `$'\r': command not found`. Tatizo limeisha, asanteni.

Chanzo ni `core.autocrlf=true` ya Git (programu ya kutunza matoleo ya faili) upande wa Windows: faili zikitolewa kwenye hazina ya Git, mistari inaishia CRLF (alama mbili za mwisho wa mstari za Windows; Linux hutumia LF pekee), na bash huihesabu hiyo CR (`\r`) kama sehemu ya amri. Nimeweka .gitattributes (faili ya kanuni za Git kwa hazina) yenye `* text=auto eol=lf`, ili mistari iishie LF, kisha `git add --renormalize .` na kukomiti (kuhifadhi mabadiliko kwenye Git). Hapo bado! Faili zilizoko kwenye diski hazijigeuzi, futa .bashrc, kisha `git checkout -- .bashrc`.

Mipangilio ya mashine moja tu nimeihamishia ~/.gitconfig.local, ambayo Git huisoma kupitia `[include]`. Faili hiyo isipokuwepo, Git haigombi.